Kamba, Mfereji na Mtoto wa Bwaise

Mvua ikinyesha Kampala kwa saa moja tu, Bwaise hujua kabla ya redio kutangaza. Maji hushuka kutoka vilima vya Makerere na Mulago, hukutana bondeni, huujaza mfereji wa Lubigi, kisha huingia majumbani bila hodi. Watu huinua magodoro juu ya meza, unga juu ya kabati, watoto mgongoni. Mtaa huu wa Divisheni ya Kawempe umejengwa mahali palipokuwa kinamasi, na maji hayajasahau kwao.

Mfikirie mama anayeishi chumba kimoja, hatua chache kutoka mfereji huo. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita asiyezungumza, asiyegeuka akiitwa jina, anayependa maji kuliko kitu chochote. Upande mmoja kuna Lubigi. Upande wa pili kuna barabara ya Bombo yenye malori, takisi na bodaboda zinazopita popote penye upenyo. Mama anatakiwa kwenda soko la Kalerwe kununua nyanya za kuuza, au msalani tu, choo cha pamoja nyuma ya nyumba nne. Anachukua kamba. Ncha moja anaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, nyingine kwenye mguu wa kitanda, anaondoka mbio na kurudi mbio.

Mama huyu simpi jina kwa sababu si mmoja. Wanaozunguka majumbani kuwatembelea watoto wenye ulemavu, Uganda na Kenya pia, wanaifahamu kamba hiyo, wanakifahamu na chumba kilichofungwa kwa nje. Magazeti huiandika kama ukatili, picha ikapigwa, polisi wakaitwa, jirani aliyetoa habari akasifiwa. Mara chache mwandishi huuliza mama angefanya nini kingine jioni ile, peke yake, mvua ikikaribia.

Ninaanza na kamba kwa sababu makala haya yanahusu tiba, na tiba yoyote ya watoto wenye usonji itakayofika Kawempe ni lazima iingie kwanza katika chumba hicho. Mtaalamu akiingia, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumfundisha mtoto kunyoosha kidole na kutaja rangi nyekundu, ameipita kamba bila kuiona. Miaka ya karibuni kumekuwa na namna nyingine ya kufanya kazi hii, inayoukubali ubongo wa mtoto jinsi ulivyo na kuuliza maswali tofauti kabisa: ni nini kinachomuumiza mtoto huyu? Anatafuta nini kwenye maji? Nani mwingine hapa mtaani anaweza kumwangalia? Naamini maswali hayo ndiyo yenye faida kwa Bwaise, ingawa yalianza kuulizwa mbali sana na hapa.

Majirani wana maelezo yao. Karogwa. Mama alivunja mwiko akiwa mjamzito. Baba alikataa kulipa deni la ukoo. Joseph Gona na wenzake walipowauliza wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa pwani ya Kenya chanzo cha usonji, katika utafiti uliochapishwa 2015, walisikia majini, uchawi na laana. Walisikia pia maambukizi, uzazi mgumu na urithi. Sioni ajabu. Mzazi ambaye hajapewa maelezo na hospitali hukusanya maelezo popote yalipo, na kila maelezo yana ada yake: kuku kwa mganga, sadaka kwa mchungaji, siku za kusomewa dua kwa sheikh. Akifika kliniki, fedha imekwisha na imani imechoka.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba usonji ni jambo la Wazungu. Leo Kanner aliuandika Marekani mwaka 1943, na vitabu vilivyofuata vilijaa watoto wa Ulaya na Marekani. Kwa upande wa Uganda, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto, Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere, na wenzake walifanya kazi ya kuhesabu. Walichukua chombo cha zamani kiitwacho Maswali Kumi, kilichotumika nchi nyingi kuwabaini watoto wenye ulemavu, wakakiongeza hadi maswali 23 ili kiweze kuunasa usonji. Katika matokeo waliyochapisha 2014, watoto 1,169 wa umri wa miaka 2 hadi 9 walipitishwa kwenye maswali hayo. 320 walionekana kuhitaji kuchunguzwa zaidi, 68 wakakutwa na tatizo moja au zaidi la ukuaji wa ubongo, na wanane kati yao walikuwa na usonji. Hiyo ni karibu saba kwa kila elfu. Kawempe ina wakazi zaidi ya laki tatu. Tunazungumza juu ya mamia ya watoto katika divisheni moja ya jiji, na wengi wao hawajawahi kusikia neno hilo likitajwa juu yao.

Sasa, wale wachache wanaofika kwa mtaalamu hukuta nini? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu tiba nayo ina ukoo wake.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles alichapisha matokeo yaliyotikisa dunia ya wazazi. Watoto wadogo 19 walifundishwa kwa saa zipatazo 40 kila wiki, kwa miaka miwili au zaidi: fanya hivi, upate zawadi; usipofanya, hupati. Yeye alisema tisa walifikia hali ya kawaida, wakasoma darasa moja na wenzao. Mbinu hizo, zinazojulikana kwa herufi ABA, zikawa tiba kuu ya usonji Marekani, na kutoka huko zikasafiri pamoja na vitabu, semina na wafadhili. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba katika programu ile ya awali mtoto aliyekosea aliweza kupigiwa ukelele wa hapana, na mara nyingine kofi la paja. Wanaotumia mbinu hizo leo wengi wameachana na makofi, na nimesikia wazazi wakizishukuru kwa dhati kwa sababu mtoto amejifunza kuvaa shati au kukaa mezani. Siwanyang'anyi shukrani hiyo.

Ila lengo lenyewe ndilo linalonisumbua. Lilikuwa ni kumfanya mtoto asitofautike na wengine. Mikono inayopungapunga ishushwe. Mwili unaojitikisa utulizwe. Macho yaangalie macho.

Hilo la macho nataka nilikalie, maana hapa Buganda linageuka kitu cha ajabu. Mtoto wa Kiganda anayelelewa kwa adabu hupiga magoti akimwamkia mkubwa, na macho yake huyashusha. Kumkodolea jjajja, yaani babu au bibi, macho wakati anakusemesha ni utovu wa heshima. Pwani nako bibi angekuuliza umekula nini leo. Kisha mtoto mwenye usonji, ambaye macho ya watu humchoma kama taa ya gari usiku, anaingizwa chumba cha tiba na kufundishwa kwa pipi kwamba ni lazima amtazame mtu mzima usoni. Ndugu yake asiye na usonji angelambwa kofi kwa jambo hilohilo. Walioandika mwongozo wa tiba hiyo hawakuwa na nia mbaya. Waliandika adabu ya kwao wakaiita afya. Ukishaliona hili, unaanza kuuliza ni mangapi mengine kwenye orodha ya mambo ya kurekebishwa ambayo hayakuwa ugonjwa.

Watu wenye usonji wenyewe ndio walioanza kuuliza hivyo. Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwahutubia wazazi kwenye mkutano wa Toronto akawaambia kwamba usonji si ganda lililomfunika mtoto wa kawaida anayesubiri kuokolewa; ndiyo namna mtoto huyo alivyo, na msiba wanaouomboleza ni wa mtoto waliyemtazamia, wala si wa huyu aliye hai mbele yao. Miaka mitano baadaye Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia, aliandika juu ya utofauti wa bongo za binadamu kama jambo la kisiasa na kijamii, wazo lililokuwa likipikwa na watu wengi wenye usonji waliokuwa wakiandikiana kwenye intaneti. Naye Damian Milton wa Uingereza, mwenye usonji na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa hoja mwaka 2012 ambayo mtu yeyote wa Kampala anaweza kuielewa bila digrii: watu wawili wasipoelewana, kosa haliwezi kuwa la mmoja tu. Mganda na Mlugbara wasiojua lugha ya mwenzake wakikutana sokoni, hatusemi mmoja wao hana uwezo wa kuwasiliana.

Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh waliijaribu hoja hiyo kwa mchezo unaofanana na wa watoto wa kunong'onezana. Mtu wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, hadi wa nane. Matokeo ya 2020 yalionyesha kuwa watu wenye usonji peke yao waliipokezana habari vizuri sawa na wasio na usonji peke yao. Habari ilipotea haraka walipochanganywa. Timu hiyo ilirudia kwa watu wengi zaidi, na mwaka 2025 ikaripoti kwamba makundi yote matatu, hata lililochanganywa, yalifanana katika kufikisha habari. Wanasayansi bado wanabishana na ni haki yao. Kwangu mimi matokeo yote mawili yana jambo moja: hakuna mahali ambapo wenye usonji walionekana hawawezi kuwasiliana.

Nirudi Bwaise, maana nadharia haimfungui mtoto mguu.

Tiba inayoukubali ubongo wa mtoto huanza kwa kusikiliza mtaa. Kaa kwenye chumba kile jua linapozama, ufumbe macho. Jenereta ya saluni. Spika ya kanisa la mabati inayojaribiwa kabla ya mkesha. Adhana kutoka misikiti mitatu, kila mmoja na sekunde zake. Mashine ya kuchomelea vyuma. Jirani anakaanga chapati za rolex, moshi unapita juu ya ukuta usiofika darini. Mbao zenyewe zinatetema lori likipita. Mimi na wewe tuna kichujio kichwani kinachozisukuma nyuma sauti hizo ili tusikie tunachoambiwa. Watoto wengi wenye usonji kichujio chao hakifanyi kazi hivyo. Kila sauti huja mbele, kwa ukubwa mmoja, wakati mmoja. Mwongozo mkuu wa Marekani wa magonjwa ya akili ulichelewa hadi 2013 kuutia mzigo huu wa hisia katika alama za usonji, ingawa wenye usonji walikuwa wameusimulia miaka mingi.

Kwa hiyo mtoto anapojitupa chini na kupiga kelele jioni, mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyefundwa vizuri haulizi kwanza namna ya kumnyamazisha. Anauliza amebeba nini tangu asubuhi. Anaweza kumshauri mama atundike blanketi nzito kona ya kitanda na kuifanya pango. Pamba masikioni kabla ya kwenda Kalerwe. Mtoto abebe maji kwenye kidumu kidogo kutoka bombani, kwa sababu uzito mikononi humtuliza, na majirani watamwona akifanya kazi badala ya kumwona akitikisika. Beseni la maji mlangoni, robo saa kila alasiri, ili asiyatafute mferejini. Na anapopunga mikono, aachwe apunge. Mikono hiyo ndiyo pumzi yake.

Mambo hayo hayana gharama kubwa. Yanataka tu mtu mwenye subira ya kutazama, na kutazama huko ndiko kugumu kupatikana.

Upo pia upande wa maneno. Watoto wengi wenye usonji hurudia maneno waliyoyasikia, kama mwangwi, papo hapo au saa nyingi baada ya kusemwa. Zamani tiba iliuona mwangwi huo kama uchafu wa kufagia. Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha mwaka 1981 kwamba mtoto anaporudia maneno papo hapo huwa na shughuli anayofanya nayo: anaomba, anakubali, anajituliza, anashika zamu yake katika mazungumzo. Chukua mtoto wa Bwaise anayekaa mlangoni akisema, kwa sauti ileile ya kondakta, "Kawempe-Kawempe-Kawempe!" Anasema asubuhi, anasema usiku. Mgeni atamwona kasuku. Mama akichunguza, ataona hulisema neno hilo akiwa ameshika viatu. Anataka kutoka. Ni sentensi kamili. Ameiazima tu kwa kondakta. Mtaalamu anayeelewa hili hatamkataza. Atamjibu, kisha taratibu atampa na nyingine.

Lugha gani, lakini? Swali hili huwasumbua wazazi wa Kampala kuliko mengi, na mara nyingi wamejibiwa vibaya. Mtoto anasikia Luganda nyumbani, Kiswahili kwa jirani askari au mfanyabiashara kutoka Kongo, Kiingereza shuleni. Anachelewa kusema, wanaambiwa: acheni lugha zote, mzungumzieni Kiingereza tu. Nyumba inakuwa bubu. Bibi, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto, hajui Kiingereza, basi ananyamaza. Tafiti kadhaa za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili iliwadhuru. Mtu aliyemwondolea mtoto nyimbo za bibi yake amemwondolea mazungumzo aliyokuwa nayo, akamwachia masomo ya lugha ambayo nyumbani hakuna anayemchekea kwayo.

Na asiyesema kabisa? Apewe njia nyingine mapema. Kadi za picha zilizochorwa kwa mkono kwenye boksi la sabuni, ishara za mikono, simu ya mama yenye picha. Wazazi huogopa kwamba akizoea kadi hatasema tena. Uzoefu wa wataalamu wa usemi ni kinyume: mtoto anayeweza kuomba maji bila kupiga kichwa ukutani ana nafasi nzuri zaidi ya kujifunza lolote, kusema kukiwemo.

Nani wa kuifanya kazi hii? Kwenye ramani, Kawempe imebarikiwa. Hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere vyote vimo ndani ya mipaka ya divisheni hii. Chuo cha serikali cha wataalamu wa afya kilichoko Mulago kimefundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo kwa miaka mingi, na Makerere ilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, kozi ya kwanza ya aina yake katika eneo letu. Kwenye barabara ya Gayaza, upande wa Mpererwe, Katalemwa Cheshire Home imekuwa ikiwahudumia watoto wenye ulemavu tangu 1970. Mjini viko vituo vilivyoanzishwa na wazazi baada ya kuzunguka kila mahali na watoto wao; Dorna Centre ni kimojawapo. Kituo kingine cha watoto kilichagua jina la Kiswahili, Tunaweza, katika jiji linalosemwa kuwa halikipendi Kiswahili. Lakini wahitimu ni wachache mno kwa nchi nzima, wengi huchukuliwa na kliniki za kulipia, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki ni fedha ya chakula. Mama wa Bwaise anaweza kuiona hospitali ya Mulago kila asubuhi na asikutane kamwe na mtaalamu wa usemi.

Ndiyo maana mfano unaonipa tumaini zaidi haukutoka kliniki. Ulitokana na utafiti wa ABAaNA, jina linalochezea neno la Kiganda la watoto. Watafiti wa Uganda na Uingereza walifuatilia watoto wachanga waliozaliwa Mulago wakiwa wameumia ubongo wakati wa kuzaliwa, wakaona wazazi wanaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto atakayehitaji msaada maisha yote, bila msaada wowote. Wakaunda makundi madogo ya wazazi yanayokutana mara kwa mara, programu iliyokuja kuitwa Baby Ubuntu. Wanajifunza kumlisha mtoto, kumbeba, kucheza naye, kuzungumza naye, kusimama mbele ya mkwe. Na mmoja wa waongozaji wa kila kundi ni mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu.

Makundi hayo yalilenga hasa watoto wenye mtindio wa ubongo, si usonji. Hata hivyo ndani yake mna kiini cha ninachokisema. Mama hafundishwi na mtu anayemtazama kwa huruma kutoka upande wa pili wa meza. Anafundishwa na mama aliyewahi kulia kama yeye, ambaye leo amekuja na mtoto wake mgongoni akicheka. Hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha mtu hivyo kwamba maisha haya yanawezekana.

Kwa usonji na matatizo mengine ya ukuaji kuna programu ya Shirika la Afya Duniani ya kuwafundisha walezi, ambayo kundi la watafiti wa mradi wa SPARK, wakiwemo Amina Abubakar wa Kenya na Rosa Hoekstra wa London, wameifanyia majaribio Kilifi, Nairobi na Ethiopia. Wanaoifundisha si lazima wawe wataalamu. Mlezi anajifunza kushuka sakafuni, kuufuata mchezo wa mtoto badala ya kuuongoza, na kuusoma mwenendo mgumu kama ujumbe. Kitu cha namna hiyo kinaweza kufanyika kwenye ukumbi wa kanisa la Kazo au ua wa msikiti wa Ttula bila kusubiri jengo jipya.

Nina lalamiko moja juu ya juhudi zote hizi, na ninalitoa kwa upendo. Wanaozungumza ni wazazi na madaktari. Watu wazima wenye usonji wa Uganda wako wapi? Wapo. Yule fundi saa asiyemwangalia mteja lakini hakosei skrubu. Yule dada wa maktaba anayejua kila ratiba ya basi. Yule kijana aliyetolewa shule ya msingi kwa viboko vingi, kabla sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 haijapiga marufuku viboko shuleni, na marufuku hiyo yenyewe bado haijafika madarasa mengi. Wengi wameishi kwa kujificha, wakijizoeza cheko la wengine mbele ya kioo. Tafiti za Uingereza zimeuhusisha ujifichaji huo na uchovu mkubwa, hata mawazo ya kujiua. Tukiandaa tiba ya watoto bila kuwauliza watu hawa kilichowaumiza wakiwa na miaka sita, tutarudia makosa ya Lovaas kwa Kiganda.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu wazazi wameisema mbele yangu kwa machozi. Wanasema haya ni maneno ya watu wanaojua kuandika, wenye usonji mwepesi, wa Ulaya. Mwanangu anajigonga kichwa mpaka damu. Halali. Ana kifafa. Utanambia nimkubali jinsi alivyo?

Ndiyo, na utibu kifafa. Dawa ya degedege haimpingi mtu kuwa na ubongo wake. Anayejigonga kichwa achunguzwe jino, sikio, tumbo, choo kigumu, kwa sababu asiyeweza kusema "linaniuma" husema kwa kichwa. Kukubali usonji wa mtoto hakumaanishi kuyaacha mateso yake yaendelee. Kunamaanisha kuyatafuta mateso yenyewe, badala ya kuitafuta ishara inayowaaibisha wageni. Sheria ya Uganda ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika elimu na huduma za afya. Mzazi ana haki ya kuidai huduma hiyo akiwa ameinua kichwa, si kama anayeomba radhi kwa alichokizaa.

Na maji? Hapo ndipo sikubali mtu aniambie kamba ni ujinga wa mama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Joseph Guan na Guohua Li, walichapisha hesabu za vifo Marekani: mtoto mwenye usonji alikuwa na uwezekano wa kufa maji mara 160 zaidi ya watoto kwa jumla. Huko ni nchi yenye uzio na waokoaji. Walipendekeza watoto hao wafundishwe kuogelea mapema, mara tu usonji unapotambuliwa. Mama wa Bwaise hakuisoma taarifa ile, lakini aliijua hatari kabla yao, akatumia alichokuwa nacho.

Basi kabla ya kumwambia afungue kamba, mtu amletee cha kuweka mahali pake. Komeo la juu mlangoni, mahali mkono wa mtoto haufiki. Seremala wa Kalerwe hulitia kwa dakika kumi. Kipande cha kitambaa cha rangi kali mgongoni mwa shati, chenye namba ya simu. Mwenyekiti wa mtaa aelezwe, na mama mmoja wa jirani, na mwenye duka la kona. Mtoto apelekwe kufundishwa kuogelea, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na hata kama itabidi kanisa au msikiti uchangie nauli. Na vijana wa stendi ya bodaboda, wanaokaa kutwa kati ya nyumba na barabara, ambao hakuna programu yoyote ya tiba iliyowahi kuwaandikisha, waambiwe jina lake. Waambiwe asishikwe ghafla kwa nyuma. Waambiwe kwamba ukimwita hatageuka, lakini ukisimama mbele yake na kusema, kwa sauti ya kondakta, "Kawempe-Kawempe-Kawempe," atasimama, atakuangalia viatu, na atakufuata mpaka nyumbani.